Neno la kuandika chini ya picha

Katika nyumba nyingi za Katanga kuko valizi moja chini ya kitanda cha wazazi. Ndani yake tunakuta kadi ya ubatizo, karatasi za kazi za baba, na picha: picha za ndoa, za kilio, za batoto waliovalishwa nguo mupya za Noeli, za wanaume waliosimama mbele ya mashini. Zamani ile valizi ilikuwa na musomaji wake. Mama alikuwa anatosha picha moja moja, anaweka kidole juu ya sura, anasema: uyu ni fulani, ile siku ilikuwa hivi.

Leo tunazipiga hizo picha tena kwa telefone, tunaziweka katika ordinateri, na saa ile ile tunazituma kwa ndugu walio Kinshasa, Ubelgiji ao Afrika ya Kusini. Ni kazi nzuri. Lakini inatuletea ulizo ambalo wazazi hawakulijua: mutu anayeshika picha, iko na haki ya kuandika nini juu ya wale wanaoonekana ndani? Na kama ananyamaza, je, kunyamaza kwake si uongo?

Wakubwa wetu hawakukosa mawazo juu ya jambo hili. Baluba walikuwa na lukasa, ubao mudogo wa kushika mukononi, wenye ushanga na simbi. Watu wa chama cha Mbudye walipitisha kidole juu ya ule ushanga na kutoa habari za wafalme, za safari, za fasi takatifu. Si kila mutu aliweza kuisoma: ilihitaji kufundishwa. Na musomaji hakusema maneno yale yale kila mara. Alitazama kwanza wanaosikiliza ni nani na wamekusanyika juu ya nini. Kwa hiyo kumbukumbu ilikuwa na sehemu tatu: kitu, musomaji, na musikilizaji. Picha tunayotuma leo kwa telefone inatembea peke yake. Imebaki kitu tu.

Tunajua pia picha bila jina inafanya nini. Katika picha nyingi za wakati wa koloni, chini ya muzungu wameandika jina na cheo. Chini ya babu zetu wameandika kabila tu, ao neno «wafanyakazi». Sammy Baloji, mutoto wa Lubumbashi, katika kazi yake «Mémoire» ya mwaka 2006, alitosha watu wa namna hiyo katika picha za zamani na kuwasimamisha mbele ya majengo ya Gécamines yaliyoharibika. Tunawaona vizuri. Lakini wengi wao, hatuwezi kuwaita. Kinyume chake, mwaka 1904, mumisionere Alice Seeley Harris alipiga picha ya baba mumoja katika inchi ya kampuni ya mpira, akitazama mukono na muguu vya binti yake aliyeuawa. Jina la yule baba liliandikwa: Nsala. La mutoto pia: Boali. Miaka zaidi ya mia imepita na tungali tunaweza kuwalilia kwa majina yao.

Basi, kuandika jina ni deni letu kwa waliokufa. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Katika jamaa yetu tulishika ile kazi kiangazi kimoja kizima, picha karibu 900. Tuliipa kila picha namba, tukaandika mwaka, fasi, majina kutoka kushoto kwenda kuume, na jina la aliyetupatia habari. Nyuma ya karatasi tuliandika kwa kalamu ya risasi, polepole, juu wino wa biki unaweza kupita mbele. Tuliweka kopi katika fasi mbili. Tulijifunza pia kwamba picha ikitumwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida inapunguzwa nguvu, na kwamba maneno yaliyoandikwa chini yake yanaweza kubaki nyuma wakati mutu mwengine anaituma mbele.

Halafu tukafika kwa picha moja ya Likasi, ya mwaka 1987. Wanawake wawili wako mbele ya nyumba ya kampuni, kila mumoja na mutoto mugongoni, wanacheka. Mumoja ni mama yetu.

«Mama, na uyu mwengine?»

«Ni jirani. Andika tu jirani.»

«Jina yake?»

«Jina ya nini? Alienda.»

Tuliandika vile alivyosema: «Mama na jirani. Alienda.» Lakini ile neno ilitusumbua. Yule mama alikuwa mutu wa Kasai. Kampuni ya shaba ilitafuta wafanyakazi mpaka kule. Na reli iliyofika Port-Francqui, ndiyo Ilebo ya leo, mwaka 1928, iliunganisha hizi inchi mbili. Batoto wengi wa hao wafanyakazi walizaliwa Likasi na hawakuijua Kasai hata siku moja. Katika miaka 1992 na 1993, wakati jimbo letu lilikuwa likingali kuitwa Shaba, watu wa Kasai walifukuzwa. Maelfu walilala kwenye gare ya Likasi na ya Kolwezi wakingoja treni. Wengi walikufia pale, wengine njiani. Mutu wa namna hiyo, je, tunaweza kusema «alienda»?

Siku ingine, bila kuulizwa, mama akasema: «Alikuya kugonga ku mulango mangaribi. Baba yenu alisema tusifungule. Tulizima taa. Njo maana sitaki jina yake. Mukiandika jina, batauliza.»

Hapo tulielewa kama hatukuwa tena mbele ya kazi ya kupanga picha. Kila upande ulikuwa na sababu yake. Desturi haikubali mutoto amuvue muzazi nguo mbele ya watu, na mama alikuwa na woga wa kweli: wakati ule, mwenye kumuficha mutu wa Kasai aliweza kuchomewa nyumba. Lakini yule jirani alikimbia bila valizi. Labda sura yake ya ujana ilibaki kwetu tu. Na tena, katika inchi ambamo jina linaweza kuonyesha mutu anatoka wapi, kutawanya jina na kabila ya mutu kila fasi kunaweza kuwaletea batoto wake taabu ambayo sisi hatutaiona.

Mawazo yetu ni haya. Picha, jina na habari si mali ya mutu mumoja. Mwenye kuchunga picha ni mulinzi wake tu. Jina ni la aliyelibeba, na kisha yeye ni la batoto wake. Habari ni ya wote wawili, aliyetenda na aliyetendewa, na hakuna mumoja anayeweza kuimaliza peke yake. Watu wa Mbudye walijua kuna maneno ya baraza na maneno ya nyumbani. Sisi pia tunapashwa kujua, hata kama telefone haijui.

Wengine watasema: hayo yalipita, juu ya nini kuyaamusha? Tunawajibu: kunyamaza ni kitu kimoja, kuandika «alienda» ni kitu kingine. Wajukuu wetu watasoma ile neno na kuzani yule mama alipanda treni kwa kupenda kwake. Kama jambo haliwezi kusemwa, heri tuandike wazi: «Jina linachungwa na jamaa.» Fasi tupu inayosema kama iko tupu haidanganyi mutu.

Tulimwambia mama mawazo yetu. Alikaa siku mbili bila kujibu, halafu akatupatia jina. Kwa njia ya mama mumoja wa kanisa tukapata mutoto wa yule jirani, yule yule wa mugongoni. Leo ni mwanaume mwenye batoto, anakaa Mwene-Ditu. Tulimutumia picha yeye peke yake, tukamuuliza tuandike nini. Kisha siku ine alijibu. Mama yake alikufa mwaka 1999, na nyumbani kwao hawakuwa na picha yake hata moja ya wakati angali kijana. Akaandika: «Muandike jina yake yote. Muandike alifukuzwa. Kabila, hapana kuandika. Na mama yenu, angali muzima? Mumusalimie.»

Tulimusomea mama ile barua ya telefone. Aliomba kalamu. Yeye mwenyewe alifuta «alienda», akaandika jina lote la rafiki yake, na neno «alifukuzwa». Chini yake akaongeza: «Hatukufungula.» Hatukumuomba kuandika hivyo.

Ile picha haiko katika kundi la jamaa yote. Iko katika nyumba mbili, ile ya Mwene-Ditu na ya kwetu, na wao wawili ndio watakaosema kama siku moja itatoka. Ndiyo sababu hata katika kitabu hiki hatutaji jina.

Tunawaomba wasomaji wetu: fungueni valizi wakati wasomaji wake wangali wazima. Ulizeni ni nani, ni wapi, ni mwaka gani. Lakini mbele ya kutuma, ongezeni ulizo la ine: kuko nani mwengine anayepashwa kuulizwa? Kwetu jibu lilikuwa mbali, ku Mwene-Ditu. Kwenu labda iko barabara ya pili.