Mtoto Akililia Wembe: Tafakuri juu ya Kununua Bunduki ya Mtumba

Wahenga walituachia methali ambayo nimeifundisha darasani kwa miaka mingi pasipo kuiogopa: mtoto akililia wembe, mpe. Wafafanuzi huieleza kwa wepesi. Asiyekubali kuambiwa na aachwe afunzwe na ulimwengu. Jeraha moja litamfunza yale ambayo maneno mia yameshindwa. Majira ya baridi yaliyopita methali hiyo iliingia nyumbani kwangu, hapa Minnesota tunakoishi, na haikuwa nyepesi tena. Mwanangu wa miaka kumi na mitano alirudi kutoka shuleni na karatasi ya kutiwa saini na mzazi. Alitaka kujiunga na timu ya shule ya kulenga visahani vya udongo, mchezo ambao Wamarekani huuita trapu. Katika jimbo hili shule nyingi za sekondari zina timu za namna hiyo, kama shule za kwetu zilivyo na timu za mpira wa miguu na netiboli. Alihitaji saini yangu, miwani ya kukinga macho, vizibo vya masikio, na bunduki. Mtoto haruhusiwi kununua bunduki. Mzazi ndiye anunuaye.

Sikuwa nimewahi kumiliki bunduki, na mshahara wa mhadhiri haukuniruhusu kufikiria iliyo mpya. Nikaanza kutafuta ya mtumba. Katika kutafuta huko niligundua kwamba methali yetu iko kimya juu ya wembe wenyewe: umetoka kwa nani, na mtoto akishakua na kuusahau utabaki mikononi mwa nani. Insha hii inahusu kimya hicho. Sikusudii kuamua kama raia wastahili kuwa na silaha au la. Mjadala huo una wenyewe, nao ni wengi. Swali langu ni dogo zaidi, na kwangu ni zito zaidi: mtu anunuaye chombo kitakachoishi kuliko yeye huwa ametwaa nini hasa, mali au amana?

Ni haki kuueleza mchezo kabla ya kuuhukumu. Mlengaji husimama mita kumi na tano hivi nyuma ya kibanda kifupi kilichozama ardhini. Akiita, mtambo uliomo kibandani hurusha kisahani chenye upana wa kiganja, kuelekea upande asioujua. Raundi moja ni visahani 25, vitano katika kila kituo kati ya vituo vitano. Bunduki itumikayo ni ya marisau, ambayo siku hizi wengi huiita shotgani; hurusha mamia ya chembe ndogo kwa mlio mmoja. Kisahani hutengenezwa kwa unga wa mawe ya chokaa na lami, na kikipigwa sawasawa hugeuka vumbi jeusi hewani. Hakuna kinachokufa.

Lakini lugha ya mchezo haijasahau. Kisahani bado huitwa ndege. Kikivunjika, mhesabu alama huweza kutamka kwamba kimekufa, kisipovunjika, kimepotea. Jina lenyewe la trapu maana yake ni mtego, nalo ni kumbukumbu ya visanduku walimofungiwa njiwa hai, wakifunguliwa kwa kuvutwa kamba ili wapigwe mara waanzapo kuruka. Mwaka 1880 George Ligowsky wa mji wa Cincinnati alibuni kisahani cha udongo ili kushika nafasi ya ndege. Katika mji huohuo, mwaka 1914, alikufa ndani ya bustani ya wanyama njiwa msafiri wa mwisho duniani, wa jamii ambayo makundi yake yalikuwa yakiliziba anga la Amerika Kaskazini. Wawindaji wa biashara na wakata misitu ndio waliowaangamiza zaidi, ila wanamichezo nao walitia mkono, kwa kuwa njiwa hao walitumiwa sana katika mashindano. Niliyakumbuka makatazo yaliyopokewa katika Uislamu ya kukifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha, nikamwambia mwanangu kwamba kisahani cha udongo ni aina ya toba: mchezo umebaki na ustadi, umeacha damu. Alifikiri kidogo, kisha akaniuliza, "Ni mchezo uliotubu, baba, au ni bunduki?" Sikuwa na jibu. Kilichobadilishwa ni shabaha tu.

Mnunuzi wa bunduki ya mtumba hufundishwa kuwa mpelelezi. Kwanza huifungua na kuhakikisha, kwa jicho na kwa kidole, kwamba haina risasi, hata kama muuzaji amekwisha kufanya hivyo mbele yake. Kisha huelekeza mtutu kwenye mwanga na kuchungulia ndani, akitafuta vishimo vya kutu, mbonyeo au uvimbe, maana mtutu uliovimba huenda uliwahi kufyatuliwa ukiwa umezibwa. Hukagua ubao wa kitako pale unapokutana na chuma, kwa kuwa hapo ndipo nyufa hupenda kuanzia. Kama ni bunduki ya kukunjuka katikati, huifunga na kuitikisa asikie kama bawaba imelegea. Hutazama vichwa vya skrubu. Vikiwa vimechakazwa, ajue fundi asiye fundi amepita. Mwisho huipandisha begani aone kama jicho linakaa sawa juu ya mtutu, kwa sababu kitako kilichokatwa kwa kipimo cha mtu mwingine kitamkosesha shabaha siku zote.

Nilikagua tatu. Ya kwanza ilikuwa Remington 870, aina iliyoanza kuundwa mwaka 1950, ya bei nafuu, yenye kutu nisiyoiamini. Ya tatu nitaieleza baadaye. Ya pili ilikuwa Winchester Model 12, na ndiyo iliyonishtua. Kiwanda kiliacha kuiunda kwa wingi mwaka 1964, kabla sijazaliwa, na bado chuma chake kilikwenda na kurudi kwa ulaini kama kilichopakwa mafuta asubuhi ile. Viatu vya mtumba vina mwisho wake. Gari la mtumba hutuonya kwa kelele na moshi. Bunduki ikitunzwa haina kifo cha kawaida. Mtu aliyeinunua mpya huenda alikuwa na nia njema kuliko yangu, na nia hiyo imezikwa pamoja naye, ilhali bunduki iko mezani ikisubiri nia ya mtu mwingine. Nilikuwa nimepeleleza yote juu ya mwili wake, na hakuna aliyetarajia niulize juu ya maisha yake, wala juu ya maisha yangu.

Sheria huuliza kwa kipimo chake. Mfanyabiashara mwenye leseni hulazimika kunijazisha fomu na kupeleka jina langu likakaguliwe: je, nimewahi kuhukumiwa kwa kosa kubwa, je, ninakimbia mkono wa sheria, je, nimo nchini kihalali. Mtu binafsi amwuziaye mkazi mwenzake wa jimbo bunduki za namna hii, katika majimbo mengi, halazimiki kufanya hata hayo. Maswali ya fomu ni ya maana, nami nisingependa yafutwe. Lakini yanahusu haki yangu. Hayahusu hasira zangu, wala huzuni zangu.

Maswali ya namna hiyo nilikwisha kuyasikia utotoni, kwa watu wasiojua fomu. Babu yangu mzaa baba, huko Sikonge mkoani Tabora, alikuwa na gobore. Alilitumia kufukuza nyani na ngiri shambani, na msimu ukimjalia alileta paa nyumbani. Lilining'inia juu ya kitanda chake, nasi wajukuu tulikatazwa hata kulinyooshea kidole. Alipofariki, nami nikiwa na umri alio nao mwanangu leo, wazee wa ukoo walikaa kikao baada ya matanga. Mbuzi, shamba na baiskeli viligawiwa kwa muda mfupi. Gobore lilichukua mchana kutwa. Baba mkubwa, ambaye kwa uzawa lilikuwa lake, alinyimwa mbele ya watu wote. Mzee mmoja alisema pasipo kumung'unya maneno kwamba akinywa hujisahau. Likapewa baba mdogo, mtu mpole, kwa sharti kwamba siku atakapouona moyo wake umechafuka alipeleke kwa mwenyekiti wa kijiji, na asiulizwe sababu. Baba mkubwa alibeba aibu ile hadi kaburini. Wakati ule nilidhani wamemwonea. Leo sidhani hivyo, ingawa sithubutu kusema hawakumwumiza.

Hapa Marekani kuna kauli inayokaririwa kama methali: bunduki haiui, mtu ndiye auaye. Siikatai. Chuma hakina dhamiri, na asemaye chuma kina hatia humwondolea mtu mzigo ulio wake. Kasoro ya kauli hiyo ni kulitazama tendo kana kwamba lina dakika moja tu: kidole, kifyatulio, mlio. Umiliki ni wa miaka, na katika miaka hiyo zimo siku ambazo mtu si yeye. Zaidi ya nusu ya vifo vitokanavyo na bunduki nchini humu ni vya watu waliojiua. Ukweli huo unaivuruga picha ya mtu mwema anayejilinda dhidi ya mtu mwovu, kwa maana hapa auaye na auawaye ni mmoja, na huenda aliinunua bunduki yake miaka ishirini kabla, kwa nia safi, baada ya kujaza fomu kwa ukweli mtupu.

Wanafalsafa hawakulipuuza jambo hili. Katika kitabu cha kwanza cha Jamhuri, Plato anamfanya Sokrate aulize kama ni haki kumrudishia rafiki silaha aliyotuwekea akiwa na akili timamu, ikiwa anakuja kuidai akiwa amerukwa na akili. Anajibiwa kwamba si haki, japokuwa mali ni yake. Mafaqihi wa Kiislamu nao walijadili uuzaji wa silaha wakati wa fitina, na kumwuzia zabibu mtu ajulikanaye kuwa atazikamulia mvinyo. Baadhi yao walishika kanuni ya kuziba njia, kwamba kitu kilicho halali chaweza kuzuiwa kwa sababu ya kule kinakoelekea. Mapokeo haya mawili humfikiria mtu wa pili: rafiki aliyetuwekea, au mnunuzi aliye mbele yetu. Kikao cha Sikonge kilinifanya niende hatua moja mbele. Anunuaye bunduki ni mweka amana na mwekewa amana kwa wakati mmoja. Mimi wa leo ninaiweka kwa mimi wa kesho, mtu ambaye sijakutana naye.

Sasa nirudi kwenye bunduki ya tatu. Ilikuwa Browning BT-99, ya mtutu mmoja mrefu, aina iliyotoka mwaka 1969 kwa ajili ya mchezo huu. Mwenyewe alikuwa mzee aliyepita miaka themanini, mwanachama wa klabu moja nje ya mji. Niliikagua kama nilivyofundishwa, sikuona kasoro, nikatoa pesa. Hakuzipokea. Aliniuliza nyumbani nakaa na nani. Aliniuliza itafungiwa wapi, funguo atashika nani, na risasi zitakuwa chumba kipi. Akamgeukia mwanangu akamwuliza, kwa upole, siku akikasirishwa sana hufanya nini. Mwanangu alijibu kwamba huenda kutembea. Ndipo nilipomwuliza kwa nini anaiuza bunduki aliyoitunza hivyo. Alitazama uwanja, akasema mkewe amefariki, na kwamba tangu hapo hapendi kuwa peke yake na bunduki ndani ya nyumba.

Kwa muda hakuna aliyesema neno. Sikuwa na pole ya Kiingereza iliyotosha, nikampa mkono kwa mikono miwili, kama tufanyavyo kwetu. Nilitambua kwamba mzee yule alikuwa amejiitishia kikao cha ukoo akiwa peke yake, akaamua, akajitii.

Tuliinunua. Mke wangu hakuridhika, na hoja yake sijaivunja: timu ina bunduki za kuazima, kwa nini tulete nyumbani kile ambacho siku zote tungelazimika kukilinda? Nilimjibu kwamba cha kuazima hakimkai kijana begani, na kwamba kuazima ni kuhamishia amana mabegani mwa mwingine. Jibu la pili ni la kweli. La kwanza huenda ni kisingizio cha baba aliyependa kumwona mwanawe akifurahi. Mtutu sasa umetenganishwa na kitako, kila kimoja katika kabati lake la chuma. Risasi haziingii nyumbani. Hukaa kwa mwalimu wa timu. Na sisi watatu tuna sharti tuliloliazima Sikonge: yeyote kati yetu akisema itoke, itatoka siku hiyohiyo, wala hataulizwa sababu. Sharti hilo linanihusu mimi kuliko linavyomhusu mtoto. Kumkabidhi mtoto mamlaka ya kumpokonya babaye silaha hakukuwa kwepesi kwangu, nikamkumbuka baba mkubwa.

Liko lililobaki. Bunduki hii ina nguvu za kutuzika sote watatu. Nimeandika barua na kuiweka pamoja na hati zake, nikieleza ilitoka kwa mtu wa namna gani na kwa nini aliiacha, ili atakayeifungua aulizwe yale tuliyoulizwa sisi. Ninajua barua haina nguvu ya kikao. Anaweza kuisoma akatabasamu, akaiuza kwa mtu wa kwanza mwenye fedha. Jumamosi iliyopita mwanangu alivunja visahani kumi na tisa kati ya 25, akanigeukia akicheka, nami nikacheka naye. Mtutu ulikuwa bado na joto nilipoupokea.