Je, Ni Aibu Kuandika "Haukubainishwa"?



Katika hospitali na zahanati, kila mgonjwa aonwapo, ugonjwa wake huandikwa daftarini, na kwengine hupewa nambari maalumu. Nambari hizo zatoka katika orodha ya mataifa, ambayo asili yake ni kazi ya Jacques Bertillon wa Ufaransa, mwaka 1893, na leo yasimamiwa na Shirika la Afya Duniani. Ndani yake mna nambari zenye kutaja ugonjwa waziwazi, na mna nyengine zenye kusema kuwa ugonjwa haukubainishwa. Basi mwandishi achague ipi?

Tuchukue mfano wa karibu. Ntimaru iko Kuria Mashariki, katika Kaunti ya Migori. Na Migori na jirani yake Homa Bay zimo katika ukanda wa ziwa, ambako malaria ni nyingi kuliko pande nyengine za Kenya. Mama aleta mtoto mwenye homa kali. Katika toleo la kumi la orodha ile pana njia tatu. R50.9 ni homa tu, sababu haikubainishwa. B54 ni malaria iliyotambuliwa kwa dalili, pasina vimelea kuonekana. B50 ni malaria ya falciparum, yenye kuua zaidi. Fomu za kila mwezi za Wizara ya Afya nazo zapambanua baina ya malaria inayoshukiwa na iliyothibitishwa.

Wako wasemao: "Hapa kwetu homa ni malaria, kuna haja gani ya kusitasita?" Hoja hii yavutia, kwani mara nyingi husadifu kweli. Lakini kusadifu si kujua. Shahidi aliyesikia kishindo gizani, kisha akasema kuwa amemwona jirani yake akiiba, ushahidi wake ni wa uwongo hata ikija kudhihiri kuwa mwizi ndiye yule yule, kwa kuwa amedai kuona asichokiona. Na khatari yake si ndogo. Homa ile yaweza kuwa ya nimonia. Na mtoto akisha kuandikiwa malaria iliyothibitishwa, tabibu wa pili huenda asitafute tena.

Upande wa pili wako wakimbiliao "haukubainishwa" kwa kuwa ni nyepesi. Kipimo kipo, tone la damu na muda wa dakika 15 au 20 vyatosha, jibu limetoka, naye aandika "homa". Huyu amejua, akaficha. Na asiyepima ilhali aweza kupima hana udhuru, kwani tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limeagiza kila ashukiwaye malaria apimwe kabla ya kupewa dawa.

Basi kanuni ni moja: uwazi wa jina usipite uwazi wa ujuzi, wala usipungue.

Atauliza mtu: vipimo vikiisha, mtoto aachwe afe kwa ajili ya daftari? Hasha! Kipimo kikikosekana, kutibu kwa dhana kwaruhusiwa. Lisiloruhusiwa ni kuiandika dhana kuwa ni yakini. Mkono mmoja utoe dawa, na mwengine uandike B54, wala pana ugomvi gani baina yao?

Tena tuzingatie jambo hili. Hesabu za madaftari ndizo zitazamwazo katika kukadiria dawa na vipimo. Daftari lenye "haukubainishwa" nyingi linatoa khabari: pengine ni ya mwandishi mvivu, pengine ni ya rafu tupu. Mkubwa na aulize ni ipi kati ya hizo, asimkaripie mwandishi kwa nambari yenyewe; kwani akimkaripia, mwakani atapata daftari zuri lenye majina kamili, na rafu itabaki tupu vile vile, wala hapatakuwa na mtu ajuaye. Khasara ya uzuri huo ataibeba mtoto yule mwenye homa.