Kitumbua ni cha Nani?

Hivi, ndugu msomaji, mtu akikufundisha kupika amekupa nini hasa? Chakula, maarifa, au siri? Swali hili limenikaa kichwani tangu nilipoanza kutumia programu ya simu ya kutunzia mapishi. Naomba tulijadili, maana nadhani linatuhusu hata sisi tunaoshika kalamu.

Programu zenyewe ni nyingi. Mojawapo, Paprika, ilitoka mwaka 2010. Unaandika vinavyohitajika na hatua zake, au unayachukua mapishi kutoka kwenye intaneti. Ukitaka kulisha watu wanane badala ya wanne, inazidisha vipimo yenyewe, na orodha ya kwenda nayo sokoni inakupa. Kwa kijana aliyepanga chumba kimoja uswahilini, mbali na jiko la mama, huo ni msaada. Simcheki mtu. Mimi mwenyewe naitumia.

Sasa, shangazi yangu anauza vitumbua asubuhi. Mwulize sukari ngapi, atakwambia "kiasi". Tui je? "Mpaka uone rojo limekaa sawa." Hamira? "Inategemea na joto, baba." Msomi anaweza kudhani hajui. Kumbe anajua sana! Mchele haufanani, nazi hazifanani, na usiku wa Julai rojo haliumuki kama la Januari. Hata kitabu cha kale cha Warumi kinachoitwa kwa jina la Apicius mara nyingi hutaja viungo bila vipimo. Mtindo wa vikombe na vijiko vilivyosawazishwa ulienezwa na Fannie Farmer wa Boston, kwa kitabu chake cha mwaka 1896. Ni juzi tu hapo.

Washikaji wananiambia: andika yote, tuma kwa watu, maarifa yakifichwa hufa na mwenyewe. Hoja hiyo ina nguvu, siikatai. Lakini simu nayo hufa. Yummly, iliyonunuliwa na kampuni ya Whirlpool mwaka 2017, ilifungwa mwishoni mwa 2024. Aliyekuwa ametunza mapishi yake humo tu, bila kuyanakili kwingine, aliyakosa.

Tena kuna jambo zito zaidi. Shangazi aliniambia, "Andika, lakini usinitangazie." Vitumbua vile ndivyo vinavyolipa kodi ya nyumba na madaftari ya watoto. Kwenye programu kuna kitufe cha kutuma; ukikigusa mara moja, anayeuza kona ya pili anajua kila kitu. Na sheria haina msaada mkubwa hapo. Kule Marekani, kwa mfano, Ofisi ya Hakimiliki inasema wazi kwamba orodha tupu ya viungo hailindwi. Basi eti kwa kuwa sheria imenyamaza, nami niruhusiwe? La hasha!

Utaniuliza: kwani shangazi ndiye aliyebuni kitumbua? Hapana. Alifundishwa na mama yake, naye alifundishwa na mwingine. Kitumbua si mali yake, na yeyote ana haki ya kukipika. Ila mimi sikukiokota barabarani. Nimekipata kwa sababu aliniamini, akaniweka karibu na karai lake. Anayetaka ujuzi huo aende kwake, aloweke mchele naye, aombe. Akikubali, ni hiari yake. Nikiutoa mimi, nimemwamulia mambo ya riziki yake bila kumwuliza.

Kwa hiyo mapishi yake nimeyaandika kwenye simu na kwenye daftari, jina lake likiwa juu, na neno "kiasi" nimeliacha palepale. Hayatoki mpaka aseme mwenyewe. Siku akiacha biashara nitamwuliza tena, maana hapo sababu yake ya kukataa itakuwa imekwisha, na nisingependa ujuzi huo upotee.

Na sisi waandishi je? Tunachukua ndoa ya jirani, deni la mjomba, kilio cha dada, tunabadilisha majina, kisha tunaita riwaya. Hatumnyang'anyi mtu mteja, lakini tunaweza kumvunjia heshima mtaani kwake. Mimi nina mswada wenye mambo ya namna hiyo, na wahusika wake halisi bado wako hai. Kabla sijaupeleka kwa mchapaji itabidi niende nikawasomee. Wewe wa kwako umeshamsomea nani?