Mcheza Kwao Hutunzwa

Je, ni aibu mtu kupokea fedha kwa ajili ya mchezo? Wako watu waadilifu wanaojibu kwamba ndiyo: mchezo, wasema, ni furaha, na furaha ikilipiwa hugeuka biashara. Neno hili lina sura ya heshima. Lakini kabla ya kulikubali yatupasa tutazame kisa cha klabu moja ya wafanyakazi iliyokufa zamani.

Blackburn ni mji wa kaskazini ya Uingereza, ambao katika karne ya 19 uliishi kwa kufuma nguo za pamba. Sheria ya mwaka 1850 iliwaagiza wenye viwanda vya nguo kuwafungulia wanawake na vijana saa nane mchana siku ya Jumamosi. Na kwa kuwa kazi haikuweza kuendelea bila hao, wanaume nao wakapata nafasi. Katika nafasi hiyo kandanda ilistawi. Mwaka 1878 ikaanzishwa klabu ya Blackburn Olympic, na tarehe 31 Machi 1883, huko London, ikacheza fainali ya Kombe la Chama cha Mpira cha Uingereza na Old Etonians, mabwana waliosomeshwa Eton, shule ya wana wa wakuu. Upande wa Olympic walikuwamo wafumaji, msokota nyuzi na fundi bomba. Baada ya muda wa nyongeza Olympic walishinda kwa mabao 2 kwa 1, na bao la ushindi lilifungwa na Jimmy Costley, yule msokota nyuzi.

Ushindi huo uliamsha manung'uniko. Wachezaji walikuwa wamekwenda kwanza Blackpool, kando ya bahari, kujizoeza kwa siku kadhaa, kwa fedha za Sydney Yates, mwenye kiwanda cha chuma. Je, huo ulikuwa mchezo au kazi? Swali halikuwa baya, ila halikuulizwa kwa wote. Bwana mwenye urithi aliweza kuacha shughuli zake siku tatu na chakula kikamngoja mezani. Mfumaji akiacha mashine yake siku moja, watoto wake walijua. Kumwambia mtu wa namna hii acheze bure kwa ajili ya heshima ni kuifanya heshima kuwa mali ya matajiri. Kwa hiyo twaona kwamba kanuni ya mwaka 1885, iliyoruhusu wachezaji kulipwa, ilikuwa ya haki.

Hata hivyo ujira ulizaa jambo jingine, wala si vema kulificha. Klabu zenye watazamaji wengi ziliweza kulipa, nyingine zilishindwa. Mwaka 1888 ilipoundwa Ligi ya klabu 12, mji wa Blackburn uliwakilishwa na Blackburn Rovers, jirani wenye nguvu zaidi, na Olympic wakabaki nje. Mwanzoni mwa 1889 waliwaachilia wachezaji wao wa kulipwa, na mwezi wa Septemba klabu ikafungwa. Ilikuwa miaka 6 tu tangu walipoleta kombe nyumbani.

Basi, je, ujira ndio uliowaua? Hatusemi hivyo. Deni halali haligeuki kosa kwa sababu mdaiwa amefilisika. Wazee walinena: mcheza kwao hutunzwa. Hawakuona aibu kumtuza mcheza ngoma, wala hawakumwita mlafi kwa kupokea. Lakini katika methali hiyo limo neno "kwao", nalo lina uzito wake. Mabwana wale walitaka mtu acheze kwao bila kutunzwa. Fedha nayo, ikiachwa itawale peke yake, humtunza mchezaji bila kuuliza kwao ni wapi.

Haki yataka yote mawili. Anayefurahia jasho la mchezaji amlipe. Na anayejivunia klabu ya mtaa wake asingoje ishinde ndipo aende uwanjani. Kombe hushangiliwa na mji mzima, lakini klabu huishi kwa wale wanaokwenda siku ambayo hakuna kombe.