Mgeni na Jembe: Ukaazi na Haki ya Kusomea Udaktari

Swali la nani astahili kuitwa mkaazi, ingawa huonekana kuwa kazi ya makarani wa vyuo, kwa undani wake ni swali la haki ya ugawaji, yaani ile sehemu ya falsafa ya maadili ambayo tangu Aristotle imechunguza ni kwa kigezo gani vitu vya umma vigawiwe watu. Katika mwaka wa masomo wa 2025/26, mkaazi anayesomea udaktari England hutozwa ada isiyozidi pauni 9,535, ilhali mwanafunzi wa kimataifa, aketiye naye darasa moja, katika baadhi ya vyuo hutozwa zaidi ya pauni 40,000.

Mwaka 1982, katika kesi ya Shah iliyohusu ruzuku za masomo, majaji wa Bunge la Malodi, lililokuwa wakati huo mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, waliamua kwamba ukaazi wa kawaida ni makao ambayo mtu ameyachagua kwa hiari na kwa kusudi lililotulia, hata kusudi hilo likiwa ni masomo. Kanuni za baadaye ziliibana fasiri hiyo: kwa jumla hudaiwa miaka 3 ya kuishi nchini kabla ya kozi, na ukaazi ambao kusudi lake kuu lilikuwa masomo hauhesabiwi.

Utaratibu huu hutetewa kwa hoja ya kodi, lakini hoja hiyo ni dhaifu, kwa kuwa kijana wa miaka 18 aghalabu hajalipa kodi ya mapato, wala kanuni haziulizi wazazi wake walilipa kiasi gani. Iliyo imara zaidi ni hoja ya utumishi, kwamba daktari hugharimiwa na umma kwa kutarajiwa kuutibu. Hata hivyo, mkaazi aweza kuhitimu akahamia Australia, na mgeni aweza kubaki akahudumu katika hospitali za umma hadi kustaafu.

Methali isemayo mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, hufundisha kwamba ugeni una ukomo, na kwamba kinachoukomesha ni kazi ya pamoja. Kwa hiyo taifa laweza kwa haki kuwatanguliza wakaazi wake, mradi msingi wa upendeleo huo uwe wajibu wa kutumikia, ambao mgeni naye aweza kuubeba akipewa nafasi ya kuuahidi.