Siku Huanza Jioni

Tarehe 20 ya mwezi haina rafiki Kariakoo. Ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za VAT, na kila duka la jumla lina mhasibu wake anayesaka risiti za EFD zilizofifia wino, anayewapigia simu wateja wasiopokea, anayegombana na mtandao uliozidiwa kwa kuwa nchi nzima imesubiri siku hiyohiyo. Chai ya saa nne inapoa mezani. Chakula cha mchana ni chapati inayoliwa kwa mkono mmoja, mwingine uko kwenye kikokotoo. Saa kumi na mbili jioni mhasibu huyu anatoka, anajipenyeza kati ya makuli na mikokoteni, anapanda mwendokasi hadi Ubungo, kisha bajaji hadi Mlimani City. Anakwenda sinema na wenzake.

Saa mbili hizo za filamu ni za nani? Wengi wetu tumelelewa kuamini kwamba mchana ni wa mwajiri, jioni ni ya familia na rozari, na starehe ikijipenyeza katikati imeiba kwa mmoja wao. Ndiyo maana hata mtu asiyeona ubaya wowote katika filamu huaga ofisini kwa kusingizia mgonjwa.

Lakini fungua sura ya kwanza ya Mwanzo uangalie jinsi siku zinavyohesabiwa. Jioni inatajwa kwanza, asubuhi inafuata. Wayahudi hadi leo huipokea Sabato yao Ijumaa jua likizama. Wazee wetu wa Pwani nao hawahitaji kufundishwa jambo hili: kwao, jua likitua Alhamisi, usiku wa Ijumaa umeshaingia. Sisi wa maofisini ndio tuliozoea kuianza siku kwa mlio wa simu, na jioni tukaifanya ukoko wa sufuria. Tena, mtu aliumbwa siku ya sita. Siku yake kamili ya kwanza duniani ikawa ya mapumziko, naye hajalima hata tuta moja. Kwa hesabu zetu za kustahili, hakustahili. Alipewa tu.

Basi mhasibu wetu akikaa kwenye kiti cha sinema haimalizii tarehe 20. Anaianza tarehe 21.

Elia alipochoka hadi akajiombea kufa, kama tunavyosoma katika 1 Wafalme 19, malaika hakumletea mahubiri. Alimkuta amelala chini ya mretemu, akamwamsha ale mkate na kunywa maji, kisha nabii akalala tena. Mazungumzo na Mungu yalikuja baadaye sana, huko Horebu. Sisi wachungaji wa roho tungefanya vizuri kuukumbuka utaratibu huo kabla ya kumkaripia mtu aliyesinzia kwenye jumuiya.

Kuna jambo jingine ambalo miji yetu ililijua zamani. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake Reel Pleasures cha mwaka 2018, ameeleza jinsi familia za Zanzibar, Dar es Salaam, Tanga na kwingineko zilivyofurika Jumapili kutazama filamu za Kihindi. Nyimbo za Awara, filamu ya Raj Kapoor ya mwaka 1951, ziliimbwa na watu wasiojua Kihindi. Filamu ikiisha, mjadala ndio kwanza ulianza: mapenzi, wakwe, heshima ya wazazi, nani kamkosea nani. Mwaka 1966 Dar es Salaam ikafungua hata Drive-In, watu wakatazama wakiwa ndani ya magari. (Kiwanja hicho leo ni ubalozi wa Marekani.) Sasa kila mmoja ana skrini yake chini ya chandarua, anamaliza tamthilia ya Kikorea peke yake saa nane usiku, na asubuhi hana wa kumsimulia. Hayo siyaiti mapumziko. Kucheka gizani pamoja na watu usiowajua ni afadhali mara kumi.

Mwaka 1995, sinema ilipotimiza miaka mia moja, Vatikani ilitoa orodha ya filamu 45 inazozithamini. Mojawapo ni Babette's Feast, ya Denmark, iliyotoka mwaka 1987. Papa Fransisko naye aliitaja katika Amoris Laetitia mwaka 2016. Katika filamu hiyo Babette, mkimbizi kutoka Paris, anatumia pesa zake zote za bahati nasibu kuwapikia wazee wacha Mungu wa kijijini. Wazee wamekubaliana wasiseme neno kuhusu ladha ya chakula, maana wanauogopa utamu. Wanakula hata hivyo, na taratibu watu walionuniana miaka mingi wanaanza kusameheana. Babette mwenyewe hahubiri chochote. Yuko jikoni jioni nzima.

Na hapo jikoni ndipo ninapotaka tukae kidogo. Amri ya Sabato katika Kutoka 20 haimpi pumziko mwenye nyumba peke yake. Inamtaja mtumishi, mgeni, hata mnyama wa kazi. Ukitoka sinema saa nne usiku, kuna kijana anayefagia bisi ulizomwaga. Na nyumbani kuna dada wa kazi aliyeamka saa kumi na moja alfajiri, bado yuko macho na mwanao mwenye homa, anasubiri geti ligongwe. Jioni yako ilikatwa kwenye jioni yake, na sidhani kama kuna aliyemuuliza.

Nenda sinema, ndugu yangu, wala usisingizie mgonjwa. Ila wiki hii mpe na dada huyo jioni moja iliyo kamili. Mpe nauli na hela ya tiketi, ubaki wewe na watoto, na usimpigie simu kumuuliza chumvi iko wapi.