Uwezo, Sababu na Nia

Je, yafaa serikali iwatume askari wake kupigana katika nchi ya watu wengine? Swali hili si la wakuu peke yao. Anayetumwa ni mtoto wa mtu, na atakayempiga naye ni mtoto wa mtu. Yatupasa basi tulipime kwa akili na kwa imani, wala si kwa hamaki.

Sisi wa Tanzania tunao mfano wa nyumbani. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, yakaua na kupora, na Amin akatangaza kwamba nchi yote iliyo kaskazini ya mto ni yake. Mwalimu Nyerere alipolihutubia taifa alitaja mambo matatu: uwezo, sababu na nia. Karne saba kabla yake, Mt. Tomaso wa Akwino naye alidai mambo matatu ili vita iwe halali: mamlaka, sababu ya haki, na nia njema. Mambo hayo yafanana, lakini si yale yale. Na katika tofauti hiyo limo fundisho.

Tuanze na sababu. Kumfukuza mvamizi ni haki ya kila taifa. Ubishi ulianza askari wetu, pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, walipovuka mpaka wakaendelea hata Kampala, iliyotekwa tarehe 11 Aprili 1979. Katika mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, Monrovia, Julai mwaka ule, Rais Numeiri wa Sudan na Jenerali Obasanjo wa Nigeria walililaumu tendo hilo. Hoja yao si ya kudharauliwa. Kila mwenye nguvu akijipa ruhusa ya kumwondoa jirani asiyempenda, mnyonge hatapata usingizi.

Lakini mpaka ni kitu gani hata uwe ngao ya mwuaji? Benedicto Kiwanuka, Jaji Mkuu wa Uganda, alikamatwa mahakamani Septemba 1972, asionekane tena. Padre Clement Kiggundu, aliyepata kuwa mhariri wa gazeti Katoliki la Munno, aliuawa mwaka 1973. Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Anglikana, Februari 1977. Hao ndio tunaowajua kwa majina. Wengine ni maelfu kwa maelfu. Na mwaka 1994, watu walipokuwa wakichinjwa Rwanda, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliwapunguza walinzi wake badala ya kuwaongeza. Kutokwenda nako kwaweza kuwa dhambi.

Kwa ajili hiyo Hati ya Umoja wa Afrika ya mwaka 2000, ibara ya 4, yauruhusu Umoja kuingilia kati penye mauaji ya kimbari, jinai za vita na jinai dhidi ya ubinadamu. Lakini ruhusa hiyo ni ya Umoja, si ya jirani mmoja. Hapo uwezo na mamlaka vyaachana. Bunduki humpa mtu uwezo. Mamlaka hutoka katika sheria na shauri la wengi. Katiba yetu nayo, ibara ya 44, yataka Bunge liitishwe katika siku 14 Rais akiisha kutangaza hali ya vita, ili liitafakari hali hiyo. Kutafakari si kupiga makofi.

Tuje kwenye nia. Mwalimu aliposema nia, alimaanisha azimio lisilosita. Mt. Tomaso ataka zaidi: moyo unaotafuta amani, usio na kiu ya kisasi. Mutukula, Januari 1979, nyumba zilibomolewa. Masaka, Februari, mji ulivunjwa kulipiza yaliyotendwa Kagera. Mama wa Masaka hakumtuma Amin. Sababu ya haki haikigeuzi kisasi kuwa haki.

Katekisimu, namba 2309, yaongeza kwamba njia nyingine ziwe zimeshindwa, tumaini la kufaulu liwepo, na silaha zisilete mabaya makubwa kuliko yale yanayoondolewa. Amin alikimbia, na wengi walimshukuru Mungu. Lakini kabla ya mwaka 1980 kwisha Uganda ilikuwa imebadili watawala mara kadhaa, na vita ya wenyewe kwa wenyewe ikaendelea hata 1986. Nasi tulioambiwa tufunge mkanda miezi 18, tuliufunga miaka.

Hukumu yetu ni hii. Kuvuka mpaka mwaka 1979 kulikuwa na haki, kwa kuwa mvamizi angeweza kurudi na watu wake mwenyewe walikuwa wakiangamia. Yaliyotendwa Masaka hayakuwa na haki. Wala tendo lile lisifanywe kanuni ya kila siku. Serikali itakapoomba tena idhini ya kutuma vijana wetu ng'ambo ya mpaka, wabunge wetu waulize: Nani ametupa mamlaka? Tumejaribu njia gani nyingine? Nani atawajibika kwa raia watakaouawa? Na bunduki zikisha kunyamaza, nani atabaki kujenga? Asiye na jibu la swali la mwisho asiharakishe kujibu la kwanza.